Tuulize Unguja: Maji Yaliyokimbia Paje, Viatu vya Msikitini na Zafarani ya Darajani

Shikamoo Mama. Mwaka jana mimi, mume wangu na watoto tulilala Paje siku mbili. Tulipoamka, bahari ilikuwa imeondoka, tumeachiwa mchanga na majani hadi mbali. Tuliona hoteli imetudanganya kwa picha. Safari hii tuchague pwani gani? (Dodoma)

Marahaba mwanangu. Hoteli haikuwadanganya, ila ilipaswa kuwaambia: mlifika wakati wa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida.

Pwani ya mashariki, kuanzia Kiwengwa kushuka hadi Jambiani, ni tambarare, na mbele yake umelala mwamba ambao ndio unaovunja mawimbi makubwa. Maji yakipwa huko, hupwa kweli, unatembea mamia ya mita kabla ya kulowa magoti. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bahari hujaa sana na kupwa sana. Tofauti ya kina kati ya maji kujaa kabisa na kupwa kabisa hufika kama mita 4. Siku hizo maji hukauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati ule ule familia imemaliza chai na watoto wameshavaa nguo za kuogelea, kisha hurudi na kujaa alasiri, kwenye saa kumi. Kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Hapo bahari haiendi mbali, na asubuhi ile ile ya saa nne utaikuta imejaa mlangoni.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya chumba, tazama mwezi. Kama watoto hawana subira na mnataka kuogelea saa yoyote, nendeni Nungwi au Kendwa, kaskazini. Kule pwani inateremka haraka na maji hayakimbii namna ile.

Lakini mimi, mwanangu, ningewarudisha Paje. Yale majani mliyoyaona, mengine ni mwani uliopandwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wa Paje, Jambiani na Bwejuu wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizowambwa kati ya vijiti, na baada ya wiki sita hivi wanauvuna, wanauanika na kuuza. Huuzwa nje, na kinachotolewa ndani yake huwekwa hata kwenye dawa ya meno. Kazi hiyo hufanywa maji yakiwa yamepwa, na bamvua ndiyo siku zake hasa. Siku hizi bahari imekuwa ya moto na aina ya mwani yenye bei nzuri inakufa kwenye maji ya kina kifupi, basi ukimwona mama ameinama juani, jua kwamba kila kamba ina hesabu. Mpe salamu kwanza. Uliza kama mnaweza kusogea, pita nje ya mashamba, usikanyage kamba. Wavalisheni watoto yeboyebo, maana kwenye miamba kuna wale vinyama weusi wenye miiba, na mwiba wao ukivunjikia unyayoni mtoto hatolala.

Nilimpeleka shangazi yangu wa Tanga Jambiani siku ya bamvua, makusudi. Alikaa saa mbili na wanawake wale wakizungumza watoto na bei. Ilipofika alasiri maji yakarudi, tukaoga. Hadi leo akiizungumza safari ile huanza na wale wanawake, bahari baadaye.

Mama, mimi ni Mkristo kutoka Moshi. Nasikia Unguja ina misikiti ya kale, makanisa na hata hekalu la Wahindu. Naruhusiwa kuingia kote? Nina siku moja tu ya Mji Mkongwe na moja ya kuzunguka.

Swali lako nimelipenda, kwa sababu wengi huingia bila kuuliza.

Siku ya Mji Mkongwe tembea kwa miguu. Anzia Malindi, uuone msikiti wenye mnara uliochongoka kama pia. Uutazame kwa nje, ndani waache watu na swala zao. Kutoka hapo shuka hadi Hurumzi, kwenye hekalu la Wahindu. Hapo unaingia, lakini viatu vinabaki mlangoni, sauti unaishusha, na sanamu za ibada huzipigi picha mpaka uruhusiwe. Jioni kengele zake husikika kichochoro kizima, na mara nyingi adhana ya Magharibi huwa haiko mbali nazo. Mimi nimekulia katikati ya sauti hizo mbili na sijachoka nazo. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Joseph, ambalo sisi tunaliita Minara Miwili, utaliona ukiwa mbali na kulipoteza ukiwa karibu. Usijali, uliza mtoto yeyote.

Mkunazini pape muda. Kanisa la Anglikana limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Sultani wetu Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko hilo Juni 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa mwaka huo huo. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru sakafuni. Hapo ndipo panapotajwa kuwa pa nguzo walipofungwa watu na kuchapwa. Msalaba wa mbao uliomo ndani ulichongwa kutoka mti wa Chitambo, Zambia, ambapo moyo wa mmisionari Livingstone ulizikwa. Askofu Edward Steere aliyelisimamia jengo amezikwa humo humo, na wanaosoma Kiswahili wanamfahamu kwa kazi zake za sarufi na kukusanya hadithi zetu. Nje, kwenye shimo, kuna sanamu za watumwa watano wakiwa na minyororo shingoni. Nimeona wageni wakijipiga picha pale wanacheka. Wewe usifanye hivyo.

Siku ya pili nenda Kizimkazi Dimbani, kusini. Msikiti wake kwa nje utadhani ni nyumba ya kawaida ya bati. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi, hati ya Kiarabu ya zamani, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Simama hapo ufikirie: watu wa pwani hii walikuwa wakiswali kuelekea jiwe hilo karibu miaka 400 kabla Vasco da Gama hajaonekana. Msikiti ungali unatumika. Mtafute mwangalizi, mwombe ruhusa, usifike wakati wa swala, vua viatu, funika mabega na miguu. Mwanamke ajitande kanga kichwani. Ukitoa sadaka kwa matunzo ya msikiti, ni vizuri. Kuomba kuingia na kukataliwa nako ni haki yao, ukikataliwa shukuru urudi.

Ninaishi Kisangani. Kwetu jina la Tippu Tip linajulikana hata kwa watoto. Je, nyumba yake ipo bado huko Zanzibar?

Ipo, Shangani, nayo ina mlango wa kuchongwa na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Si makumbusho, kwa hiyo utauona mlango, usitegemee kuingia vyumbani.

Nami najua unauliza nini ndani ya swali hilo. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ndiye huyo Tippu Tip, alizaliwa Unguja akafia Unguja mwaka 1905, na kati ya hapo alipita kwenu na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, hata akafanywa liwali wa Stanley Falls, yaani huko huko Kisangani, mwaka 1887. Kiswahili unachozungumza kilikwenda na misafara kama ile. Mali ikaja huku, jumba likajengwa. Ukija, fanya hivi: tazama mlango ule asubuhi, kisha utembee hadi Mkunazini ukasimame penye lile duara la marumaru. Ni mwendo wa dakika chache. Wapo watembezaji wanaosimulia nyumba ile kwa majigambo ya utajiri tu. Wakifika hapo, wewe uliza majina ya waliobeba pembe.

Darajani nikitajiwa bei nitoe nusu, kama nilivyoambiwa? Na ni viungo gani vya kuleta nyumbani? (Nairobi)

Aliyekwambia ukate nusu alikuwa akizungumzia maduka ya vinyago na vitambaa ya mtaa wa Gizenga. Darajani ni marikiti yetu ya kila siku tangu lilipojengwa mwaka 1904. Mwenye nyanya hauzi kwa wageni peke yao, na bei ya fungu la embe haina nusu ndani yake. Zunguka kwanza, sikiliza mwenyeji anaambiwaje, kisha sema, "Nipunguzie kidogo, ndugu yangu." Atapunguza, au atakuongezea juu ya fungu. Nenda asubuhi, mnada wa samaki ungali na moto. Na matunda, usiondoke bila kuonja shokishoki na doriani zikiwa na msimu wake. Doriani harufu yake huwakimbiza wengi, wanaovumilia hurudi kesho yake.

Viungo: chukua pilipili manga, hiliki, mdalasini wa magamba na kungumanga nzima. Za kusagwa achana nazo, hujui umri wake. Zafarani utakayouziwa kama ya Zanzibar kwa bei ya peremende, iache. Zafarani hailimwi hapa, na ile ya kweli ni ghali popote duniani. Vanila inalimwa, ila ukaguzi ni wa mkono: iwe laini, inapindika bila kuvunjika.

Karafuu pakiti za jikoni nunua bila wasiwasi. Lakini asije mtu akakunong'oneza habari za gunia. Karafuu za mkulima huuzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, na anayezipitisha kwingine ni mfanya magendo, nawe utaingia naye.

Kupiga picha? Omba. Mwenye kibanda akisema hapana, basi ni hapana, hata kama hujanunua na hata kama umenunua.

Likizo yangu imeangukia Ramadhani. Niahirishe? (Mwanza)

Usiahirishe. Mchana hutokula wala kunywa hadharani, hilo si ombi. Hoteli zitakuhudumia ndani. Mji unakuwa mtulivu, na magharibi ikifika nyumba zote zinanukia mkate wa kumimina, kaimati na mihogo ya nazi. Ukialikwa futari, kubali. Ukiweza kusogeza siku zako zifike Sikukuu, jioni nenda Mnazi Mmoja uone watoto wetu na nguo zao mpya.

Beit el-Ajaib tunaweza kupanda hadi juu? (Arusha)

Jumba lile la Sayyid Barghash la mwaka 1883 liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na watu walikufa. Usipange safari yako kwa kutegemea kuingia. Litazame ukiwa Forodhani na bakuli la urojo mkononi, kisha geukia Ngome Kongwe iliyo jirani, iko wazi. Bado naumia nikilipita. Nyumba za mawe na chokaa hutaka kukarabatiwa kila mwaka, na Mji Mkongwe mzima, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, una nyingi zinazosubiri zamu.

Wanangu wanataka kuogelea na pomboo Kizimkazi. Ni salama? (Mombasa)

Kwa watoto wasiojua kuogelea bahari ya kina, hapana. Kwa pomboo nako, mara nyingi hapana. Asubuhi boti kumi zinalizunguka kundi moja, manahodha wanakimbizana, wageni wanajirusha vichwani mwao. Pomboo huja kwenye ghuba ile kupumzika na kunyonyesha. Mkienda, kubalianeni na nahodha kabla ya kutoa fedha: azime mashine akiwa mbali, asiwakate njia, na watoto watazame wakiwa ndani ya boti. Akikataa, tafuta mwingine. Njiani mkirudi piteni msitu wa Jozani mkawaone kima punju, ambao porini hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Wako karibu sana na njia, ndiyo maana nasisitiza: msiwaguse, msiwape ndizi.

Pemba inafaa kwa siku moja? (Dar es Salaam)

Siku moja utaiona bandari ya Mkoani na barabara. Lala angalau usiku mbili. Nenda kaskazini, msitu wa Ngezi, ukawatafute popo wakubwa wa Pemba wanaoishi kisiwa hicho tu, halafu utokee pwani ya Vumawimbi ambako unaweza kutembea muda mrefu bila kukutana na mtu. Ukibahatisha mavuno, utakuta karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, mahali pengine hadi ukingoni mwa lami. Mwambie dereva apunguze mwendo, azunguke.