Ukuta mmoja, kitu kimoja kikubwa

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mtu amepanga chumba na sebule, kuta ni tupu, mfukoni ana shilingi 30,000 na hana nyingine, afanye nini papendeze? Mimi ni fundi rangi hapa Tanga, na pengine mlitegemea nilipigie debe kopo la rangi. Silipigii. Kopo la lita 4 la rangi ya maji, hata la bei ya chini, laweza kuimaliza pesa hiyo au kubakiza kidogo tu, na bado hajanunua brashi, rola wala msasa. Isitoshe nyumba si yake. Akihama, rangi inabaki kwa mwenye nyumba, na kodi inapanda kwa mpangaji anayefuata.

Jibu langu: achague ukuta mmoja, auwekee kitu kimoja kikubwa, kuta nyingine aziache kama zilivyo.

Mwenye pesa kidogo hununua vitu vidogo vidogo kwa sababu kila kimoja ni rahisi. Leo vipepeo vya plastiki, mwisho wa mwezi stika ya maua, halafu kalenda ya kampuni ya mabasi, halafu fremu ya kioo isiyozidi kiganja. Mwaka ukiisha ukuta umejaa na bado unaonekana mtupu, maana jicho halina pa kutua. Jumlisha bei ya takataka hizo zote uone kama usingepata doti ya khanga na chenji juu.

Ukuta wenyewe ni ule mgeni anaouona akisimama mlangoni kabla hajavua viatu. Kwa sebule nyingi ni ule wa nyuma ya kochi kubwa. Ukuta wa televisheni uacheni, pale televisheni ndiyo pambo, hata ikiwa imezimwa.

Sasa nisikilizeni kwenye hili, maana ndilo watu wanaloruka. Kabla ya kutundika chochote, pitisha kiganja ukutani. Ukuta mkavu unaoacha unga mweupe mkononi ni chokaa iliyochoka, na hiyo haina neno. Lakini kama kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti au kiuno rangi imefura, inabanduka, na chini yake kuna kitu cheupe kinachometa, hiyo ni chumvi. Huku pwani nyumba nyingi zilijengwa bila nailoni juu ya msingi. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali yakiwa yamebeba chumvi, yanakauka usoni mwa ukuta, chumvi inabaki na kuisukuma rangi nje. Unaweza kupaka kila mwaka na kila mwaka itabanduka.

Ukiwa na shaka, kata kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa ndani, unaogusana na ukuta, basi unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, hewa ya chumba ndiyo nzito, na dawa yake ni dirisha.

Ukuta wenye chumvi au unyevu usiufunike kwa kitu kinachoung'ang'ania. Nazungumzia zile karatasi za kubandika zenye sura ya matofali, ambazo siku hizi zinauzwa kila kona. Mwezi wa kwanza zinapendeza kwelikweli. Msimu wa masika ukipita pembe zinajikunja, nyuma yake ukungu umeota, na ukizivuta zinatoka na rangi pamoja na lipu. Hapo utaongea vizuri na mwenye nyumba. Chumvi ifagie kwa brashi ngumu, kavu. Usiioshe, maji yanairudisha ndani. Halafu kama umekubaliwa, paka chokaa, kwa sababu chokaa inauacha ukuta upumue. Iloweke usiku kucha, ichuje kwa kitambaa, iwe nyepesi kama maziwa, ukuta ukishafagiwa chumvi ulowanishe kidogo, kisha paka mikono, yaani tabaka, miwili au mitatu myembamba. Ikiwa mbichi inaonekana kama haijashika kitu; weupe wake unakuja ikikauka. Linda macho, chokaa inaunguza. Na haishiki juu ya rangi ya mafuta, kwa hiyo kama nusu ya chini ya ukuta wako imepakwa ile rangi ya kung'aa, usijisumbue.

Haya, kitu kikubwa chenyewe. Kwa pesa hiyo sijaona kinachoishinda khanga. Doti nzima kabla haijakatwa ni kama mita 3 kwa mita 1 na kidogo. Usiikate wala usiipeleke kwa fundi cherehani kupindwa. Ilale kwa urefu nyuma ya kochi, miji miwili, ile michoro ya katikati, ubavu kwa ubavu, pindo zikizunguka, na umeshamaliza ukuta bila kuzimaliza hizo elfu thelathini. Ioshe kwanza ili wanga utoke na rangi isije ikachuja baadaye, ipige pasi ikiwa na unyevu kidogo.

Jina la khanga lisome kabla hujalipa. Likikaa ukutani litasomwa na kila anayeingia, tena kwenye doti isiyokatwa linasomeka mara mbili. "Wema hauozi" haina mgomvi. Kuna nyumba niliyopaka rangi ambako baba mwenye nyumba alikuwa anakula kila siku chini ya "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu". Sikuuliza.

Seremala yeyote ana mabaki ya papi, zile mbao nyembamba. Mwombe mbili, za urefu wa doti. Kunja ukingo wa juu wa khanga kwenye papi moja, uubane kwa misumari midogo upande wa nyuma, na ya pili uibane chini ili kitambaa kivutike. Papi ya juu inataka misumari mitatu ya zege ukutani, miwili ikiacha katikati papi italegea. Misumari ya kawaida inapinda. Ipigilie ikiinamia chini kwa ndani kidogo, kichwa kikiwa juu, taratibu, maana lipu yenye mchanga mwingi inavunjika ukiipiga kwa hasira. Acha nafasi ya kidole kati ya papi na ukuta hewa ipite. Mende nao wanapenda nyuma ya kitambaa, kwa hiyo ikung'ute mara kwa mara.

Mwenye nyumba hataki misumari? Wapo, na mara nyingi wana sababu. Tumia mshipi wa kuvulia samaki, ule wa nailoni usioonekana: funga juu kwenye mbao inayopita ukingoni mwa dari au kwenye bomba la pazia, teremsha hadi kwenye papi. Unabeba khanga nyepesi bila taabu.

Asiyependa kitambaa atafute vya kusuka. Mkeka wa miyaa wenye rangi unakaa ukutani vizuri sana, hasa pale lipu ina mabonde. Nyungo na makawa ya ukubwa tofauti, matano hivi, yakisogezwa karibu karibu yanahesabika kuwa kitu kimoja; yakitawanywa chumba kizima tumerudi kwenye vipepeo. Sahani za kauri zenye maua nazo ni halali, hata iliyopasuka ukingoni. Wazee wa pwani hii walilijua hilo mapema. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, vile vijishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo vya kauri, na ukienda magofu ya Tongoni, barabara ya Pangani, utaona kwenye nguzo za makaburi mashimo ya duara mlimokuwa mmepachikwa bakuli.

Kuhusu kimo, huku kwetu tunatundika juu mno, karibu na dari, picha ikiinama kama inatuchungulia. Picha ya marehemu babu inawekwa huko kwa heshima, sibishani. Khanga si babu. Nyuma ya kochi ianzie shubiri moja juu ya mgongo wa kochi. Mahali pa kupita watu, katikati ya pambo pawe kama sentimita 150 kutoka sakafuni.

Picha ya joho na ya harusi? Ziwekeni ukuta mwingine, zikae pamoja. Najua hakuna atakayezitoa.

Ikibaki pesa, angalia taa. Balbu iliyo karibu kabisa na ukuta inamulika kwa ubavu na kuonyesha kila kovu la lipu. Kwa ukuta mbaya isogeze katikati ya chumba. Lakini kwa mkeka au nyungo ubavu huo huo ndio unaoutaka, kila ukili unaonekana. Na chukua balbu ya mwanga wa njano badala ya ile nyeupe ya buluu, ambayo inaifanya hata khanga mpya ionekane imefuliwa mara mia.