Nodi tatu si bekapu

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, klasta yetu ina nodi tatu na kila moja ina data yote. Bosi anasema kulipia tena nafasi ya bekapu ni kutupa hela. Nimjibu nini?"

Mjibu hivi, mdogo wangu: replikesheni, yaani seva zote za klasta (ndizo nodi) kunakiliana data, inakukinga na seva kufa, lakini haikukingi na mtu mwenye haraka.

Nasema hivyo kwa sababu limetukuta majuzi tu. Klasta yetu ni ya hifadhidata ya MariaDB inayotumia Galera (programu inayozifanya nodi zote ziwe na data ileile), nodi tatu, na ndiyo inayobeba oda zote za wateja. Jioni moja timu nyingine (si yangu, niweke wazi hapo) ikaendesha skripti ya kufuta data za majaribio. Ndani ya skripti kulikuwa na DELETE isiyo na WHERE, yaani amri ya kufuta isiyotaja safu zipi, basi inafuta zote. Sasa, Galera ni mtiifu. Muamala haukamiliki mpaka mabadiliko yake yawe yamefika nodi zote. Nodi ya kwanza ikafuta oda, ya pili ikafuta, ya tatu nayo ikafuta. Ukiangalia dashibodi ni kijani kitupu: nodi tatu, zote Synced (zinalingana), hakuna kengele iliyolia. Habari tulizipata kutoka kwa watu wa huduma kwa wateja, ambao simu zao zilikuwa hazinyamazi.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa hata ya kiufundi. Ilikuwa kuzuia watu wasishike kitu. Kila mtu alikuwa na ushauri. Kuna aliyetaka tuizime haraka nodi ya tatu "kabla haijapata taarifa", wakati taarifa ilikuwa imeshaipata kitambo. Nikaifungia programu isiandike chochote, nikafungua karatasi yangu ya maelekezo, nikaanza mstari wa kwanza.

Bekapu ya usiku iliyochukuliwa kwa mariabackup niliirejesha kwenye mashine ya pembeni, nje kabisa ya klasta. `--prepare`, halafu `--copy-back`, halafu `chown` ili mafaili yawe mali ya mtumiaji mysql. Hiyo ya mwisho ukiisahau hifadhidata haiwaki, na saa mbili usiku huku mabosi watatu wamesimama nyuma ya kiti chako si wakati mzuri wa kuitafuta sababu. Baada ya hapo ni kurudia binlogi (kumbukumbu za kila badiliko) za mchana kutwa na kusimama kwenye nafasi iliyo kabla tu ya ile DELETE.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwenye Galera kila nodi ina binlogi zake, zenye majina na nafasi zake yenyewe. Nafasi iliyoandikwa ndani ya bekapu ya nodi ya kwanza haina maana yoyote kwenye binlogi za nodi ya pili. Chukua binlogi za nodi ileile iliyotoa bekapu, na hakikisha `log_slave_updates` imewashwa humo tangu mwanzo. Isipowashwa, binlogi hizo hazitakuwa na maandishi yaliyoingia kupitia nodi nyingine, na utarejesha oda nusu huku ukidhani umemaliza. Haya hayakunijia usiku ule kwa akili nyingi. Yalikuwa kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwa sababu nimekuwa nikifanya zoezi la kurejesha kila mara hata pasipo tatizo.

Klasta nzima sikuirudisha nyuma, kwa kuwa majedwali mengine yalikuwa mazima na yalikuwa yameendelea na kazi. Nilitoa jedwali la oda peke yake na kulirudisha kidogokidogo, maana Galera haipendi muamala mkubwa wa mara moja. Oda chache zilizoingia baada ya ufutaji zilibaki pale pale. DELETE haianzishi upya AUTO_INCREMENT (namba inayojiongeza yenyewe kwa kila safu mpya), kwa hiyo namba hazikugongana. Kabla ya saa sita usiku kila oda ilikuwa mahali pake.

Nakiri bado nina kinyongo. Hilo zoezi langu la kurejesha lilikuwa na jina pale ofisini: "mchezo wa Ijumaa". Nimeombwa zaidi ya mara moja niache kupoteza muda wa mashine. Na ripoti iliyokwenda juu baada ya tukio ilisifu "uimara wa mifumo yetu", halafu sentensi moja tu: data ilirejeshwa. Kana kwamba ilirudi yenyewe kwa miguu. Haya, tuyaache.

Wewe unayelinda klasta, tenganisha misiba miwili. Kama nodi moja imekufa na wenzake wako hai, bekapu usiiguse. Iwashe, iache ijiunge upya na ichukue data kwa walio hai. Galera itaipa mabadiliko iliyoyakosa tu kama bado yamo kwenye gcache (akiba ya mabadiliko ya karibuni) ya walio hai, la sivyo itaipa nakala nzima. Kwenye etcd, hifadhidata nyingine ya klasta, unamwondoa mwanachama aliyekufa kwanza, ndipo unamwongeza mpya. Usichukue picha ya zamani ya mashine pepe ukaisukuma ndani ya klasta inayotembea. Cassandra, nayo hifadhidata ya klasta, itakufundisha adabu hapo: nodi iliyokaa nje kupita `gc_grace_seconds` (muda wa kutunza alama za vilivyofutwa), ambao kwa kawaida ni siku 10, inaweza kurudi na kufufua data ambazo wenzake walishazifuta na kuzisahau.

Msiba wa pili ni klasta nzima kulala au data kuharibika kote. Hapo ndipo bekapu inapoingia. Etcd inataka wanachama wote warejeshwe kutoka snapshoti (picha ya data ya wakati fulani) moja, si kila mmoja na ya kwake. Nodi zote za Galera zikizimika, tafuta nodi iliyofika mbele kuliko wenzake, angalia `safe_to_bootstrap` (alama ya nodi iliyo salama kuanzia) kwenye faili la grastate.dat, uiwashe hiyo peke yake kama mwanzo, wengine wajiunge baadaye. Ukianzisha mbili utakuwa na klasta mbili zenye jina moja, kila moja ikipokea oda zake. Na hesabu ya akidi (nodi zinazotosha klasta ifanye kazi) ikae kichwani: nodi 3 zinahitaji 2, nodi 5 zinahitaji 3.

Unadhani ni sisi wadogo tu? Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, alifuta data kwenye seva kuu ya hifadhidata akidhani yuko kwenye ile nyingine. Walikuwa na njia tano za bekapu na replikesheni. Kapu la bekapu kwenye S3 (hifadhi ya mtandaoni ya Amazon) lilikutwa tupu, kwa sababu pg_dump (programu ya kutoa bekapu ya hifadhidata ya PostgreSQL) iliyokuwa ikiendeshwa ni ya toleo la 9.2 wakati hifadhidata ni 9.6, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni snapshoti iliyochukuliwa kwa mkono takriban masaa sita kabla ya ajali, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Waliyaandika haya wenyewe, hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini wangekuwa na mchezo wa Ijumaa!

Basi rejesha. Usiishie kuangalia kama faili lipo au kama kazi ya usiku imeandika "OK". Rejesha kwenye mashine tupu, hesabu safu, washa programu juu yake. Mwezi ujao rejesha tena, na safari hii mpe karatasi mtu ambaye hakuiandika.

Bosi wako akikubali kulipia, hakikisha nafasi hiyo iko nje ya klasta. Snapshoti za Cassandra, kwa mfano, ni viungo tu vya mafaili yaliyo kwenye diski ileile. Diski ikifa zinakwenda nayo. Bekapu ukizisimba, ufunguo wake usiuhifadhi kwenye mfumo unaoitegemea klasta hiyohiyo ili uwake.