Muulize Mzee wa Studio: Printa ya Picha Ndogo Nyumbani, Nichukue Ipi?

*Shikamoo Mzee wa Studio. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igoma hapa Mwanza. Simu yangu imejaa picha za watoto: ubatizo, mahafali ya chekechea, sikukuu. Mama mkwe wangu yuko Ukerewe, hana simu kubwa, na kila nikimpelekea wajukuu anadai picha za kushika mkononi. Studio ya mtaani kwetu picha zake zinatoka nyekundunyekundu, na mara nyingi naambiwa mashine ni mbovu, rudi kesho. Nataka printa yangu mwenyewe. Picha zangu hazizidi ishirini kwa mwezi, na miezi mingine sitoi hata moja. Mume wangu anaitaka ile inayoingia mfukoni. Muuzaji wa Makoroboi ananishauri ya matangi ya wino, eti ndiyo yenye faida. Nichukue ipi?*
*Mama Watatu, Igoma*

Marahaba mwanangu. Mama mkwe wako nampa haki yake. Picha iliyo kwenye simu ya mtu mwingine si yake.

Muuzaji wa Makoroboi hakukudanganya, ila amekujibu swali la mtu mwingine. Printa ya matangi, kwa mfano Epson L8050 yenye wino wa rangi sita, ni mashine ya kazi kweli. Inatoa picha ndogo, inatoa hadi ukubwa wa A4, hata kadi za plastiki za vitambulisho inachapa. Kijana mwenye duka la stesheneri kule Nyegezi, wanafunzi wa chuo wakimpangia foleni tangu asubuhi, aichukue na asitazame nyuma. Wino wa chupa ni rahisi na picha moja inamgharimu kidogo sana.

Lakini wino ule ni wa majimaji, na unapita kwenye vitundu vyembamba kuliko unywele. Printa ikikaa bila kazi, wino unakauka humo humo. Wewe umesema mwenyewe kwamba miezi mingine hutoi hata moja. Basi utaiwasha Krismasi, na uso wa mtoto utakuja na mistari myeupe kutoka sikio hadi sikio. Utaiamuru ijisafishe. Kila ikijisafisha inakunywa wino na kuutema kwenye sponji iliyo tumboni mwake, na siku sponji hiyo ikijaa, printa itagoma mpaka ibadilishwe. Anayeitaka nyumbani akubali kutoa angalau ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, awe na shida nao au asiwe nao. Ninazijua sebule ambazo printa ya namna hiyo imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake kumewekwa redio.

Ya mumeo sasa. Printa nyingi za mfukoni, kama HP Sprocket na Canon Zoemini, hazina wino kabisa. Rangi zimo ndani ya karatasi yenyewe, tabaka tatu, njano, majenta (wekundu wa waridi) na samawati, na printa kazi yake ni kuichoma tu kwa joto la vipimo. Teknolojia hiyo inaitwa Zink. Ina chaji yake, inaongea na simu kwa bluetooth, na nyuma ya karatasi kuna gundi, ukibandua unabandika kwenye daftari au mlango wa friji. Watoto wataifurahia, na baba yao nadhani atawazidi. Ila picha ni sentimita 5 kwa 7.6, na rangi za ngozi zetu mara nyingi hazitoki sawasawa, weusi wa ngozi unaelekea kijani au zambarau kidogo. Bibi wa Ukerewe mwenye miwani atauliza huyu ni nani.

Kwa maelezo uliyonipa, mashine yako ni ya aina ya tatu, ile inayotumia utepe wa rangi badala ya wino wa maji. Inayojulikana zaidi ni Canon SELPHY. Toleo la CP1500 lilitoka mwaka 2022, na kabla yake kulikuwa na CP1300. Kodak nao wana zao zinazofanya kazi kwa njia hiyo hiyo. SELPHY haifiki kilo moja, na picha yake ni milimita 100 kwa 148, yaani ile ile ya kadi ya posta tuliyoizoea kwenye albamu.

Namna inavyofanya kazi inafaa uijue, maana mara ya kwanza utashtuka. Karatasi inatoka mbele nusu, inarudi, inatokea nyuma, inarudi tena, jumla mara nne. Safari ya kwanza inapakwa njano tupu, na mtoto wako atakuwa kama ana homa ya manjano. Ya pili ni majenta. Ya tatu inakuja samawati, na hapo ndipo sura inakamilika ghafla na ukamjua mwanao. Ya nne ni tabaka lisilo na rangi la kuilinda picha, ndiyo maana tone la maji likidondoka juu yake unafuta tu. Kazi yote inachukua sekunde 41 hivi. Kwa hiyo usiisogeze ukutani, karatasi inahitaji nafasi ya kutokea nyuma. Wala usiivute ikiwa katikati ya safari, hata kama mtoto anakushika mkono.

Utepe hauna kukauka. Ukiukuta Desemba ulipouacha Agosti, unaendelea pale pale. Kila picha inakula kipande chake kizima cha utepe, iwe ya harusi yenye rangi zote au ya ukuta mweupe. Katriji ya picha 36 inatoa 36, basi. Faida yake ni kwamba hesabu unaijua kabla ya kununua.

Na hesabu ndiyo nataka uifanye kabla hujatoa pesa ya mashine. Usiulize bei ya printa kwanza, uliza bei ya pakiti. Katriji na karatasi vinauzwa pamoja, na pakiti kubwa ina karatasi 108 na katriji tatu. Tuseme umeuziwa shilingi 130,000. Gawanya kwa 108, kila picha ni shilingi 1,200 na ushee, na picha zako ishirini ni kama 24,000 kwa mwezi. Fanya hivyo hivyo kwa ile ya mfukoni: tuseme karatasi 20 ni shilingi 40,000, hapo ni 2,000 kwa kipicha ambacho ni robo tu ya ile nyingine. Bei hizo ni za mfano, wewe weka za dukani siku unayokwenda. Kisha linganisha na studio. Kama studio nyingine, ya Kirumba au mjini, inakutolea picha nzuri kwa bei ya chini ya hapo, na picha zako ni chache hivyo, panda daladala. Sikuuzii printa mimi.

Swali la pili la dukani: "Pakiti mnazo hapa, au mpaka muagize Dar?" Kama ni za kuagiza, nunua mbili siku hiyo hiyo au usinunue mashine. Katriji ya kampuni moja haiingii kwenye printa ya kampuni nyingine, na printa isiyo na karatasi ni pambo.

Bando lisikutishe. Ukishaweka programu yao kwenye simu, printa inatoa waifai yake yenyewe na simu inaunganishwa moja kwa moja, bila intaneti. Ina pia tundu la kadi ya SD kwa mwenye kamera. Umeme ndio wa kuuwazia, kwa sababu haina betri ndani. Ukikatika picha ikiwa safari ya pili, karatasi hiyo imekwenda na kipande chake cha utepe. Angalia na salio la LUKU kabla hujaanza kutoa albamu nzima.

Mambo madogo ya Igoma sasa. Vumbi la barabara ni adui wa mashine hii, maana punje moja ikikaa juu ya karatasi inaacha nukta nyeupe kwenye picha, na nukta haina adabu, inachagua paji la uso. Trei ya karatasi ikimaliza kazi itoe, uifunge kwenye mfuko wa plastiki. Karatasi zishike pembeni, upande unaong'aa ukae juu, na usiuguse kwa vidole vilivyotoka kukaanga samaki. Wakati wa masika weka ndani ya mfuko vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, karatasi isijikunje.

Picha zenyewe zisitoke WhatsApp ikiwezekana. Picha ikitumwa kwa kawaida inabanwa. Mwambie anayekutumia aitume kama hati, au uchukue kwenye simu iliyoipiga. Kwa ukubwa huu unahitaji takriban pikseli 1,200 kwa 1,800, na simu yoyote ya siku hizi inazipata bila jasho. Jambo lingine, simu hupiga picha ya umbo la nne kwa tatu, fupi na nene kidogo kuliko karatasi, na printa ikijaza karatasi yote inakata karibu sehemu moja ya kumi. Kwenye picha ya ukoo iliyolala, kinachokatwa ni kofia za wazee juu na viatu vya watoto chini. Ukipiga, rudi nyuma hatua mbili.

La mwisho, wauzaji hawalisemi. Utepe uliotumika unabaki na kivuli cha kila picha uliyotoa, mtu akiukunjua kwenye mwanga anaziona zote, kama negativu zetu za zamani. Usiutupe jalalani mzima. Ukatekate kwa mkasi.

*Shikamoo mzee. Napiga picha wageni pale ufukweni karibu na Jiwe la Bismarck. Wengi wanataka picha hapo hapo, si za kutumiwa kwenye simu. Umeme hakuna. Nitumie printa gani?*
*Kijana wa Ziwani, Mwanza*

Marahaba. Hiyo SELPHY niliyomweleza mama wa Igoma ina betri yake inayouzwa kando, na ikijaa inatoa karibu picha hamsini. Tatizo lako ni upepo wa ziwani na mchanga. Karatasi inayotoka na kurudi mara nne hadharani inazoa kila kitu. Ukiwa na kibanda chenye kuta, sawa. Ukiwa wa kusimama juani, hapana.

Wewe nakushauri Fujifilm Instax Mini Link. Filamu kumi zinakaa ndani ya kasha lililofungwa, vumbi halioni njia, chaji imo ndani, na picha inatoka haraka kisha inajitokeza yenyewe mgeni akiitazama. Sura ni milimita 62 kwa 46 tu, lakini ina ukingo mweupe, mpana upande wa chini, na hapo unaandika kwa kalamu ya wino mzito "Mwanza" na tarehe. Mgeni analipia ukingo huo kama anavyolipia picha. Filamu ni ghali, basi pokea pesa kwanza ndipo ubonyeze. Tazama tarehe ya mwisho kwenye boksi, na usiziache filamu kwenye boda iliyoegeshwa juani. Picha ikitoka, mwambie mgeni aishikilie kivulini mpaka rangi zikamilike, na asiipepee wala kuikunja.

*Mzee, picha ya marehemu baba niliyotolewa stesheneri imepauka ikiwa kwenye fremu ukutani, karibu na dirisha. Uso umebaki kama moshi. Inaokoleka?*
*Msomaji wa Sengerema*

Pole sana. Rangi iliyoliwa na jua kwenye karatasi hairudi. Kama faili lake lipo, kwenye simu yako, ya ndugu au kwenye kompyuta ya waliokutolea, toa nyingine na uitundike ukuta usiopigwa na jua.

Kama faili halipo, piga picha hiyo iliyopauka leo, isisubiri ipauke zaidi. Itoe kwenye fremu taratibu. Ikiwa imegandana na kioo usiivute, ipige na kioo chake. Ilaze mezani karibu na mlango, kwenye kivuli chenye mwanga, usiwashe flashi, na simu iwe juu yake sawasawa bila kuinama. Mtu anayejua kazi anaweza kuongeza weusi na rangi kutoka kwenye nakala hiyo, na macho ndiyo ya kumwambia aanze nayo.