Re: Ajali Mlima Nyoka (Mbeya), unapiga zimamoto au unatafuta ambulensi?
Mkuu kama mtu kabanwa ndani ya gari piga 114, hao ni Zimamoto na Uokoaji, haikati salio. Wengi tunadhani jamaa ni wa moto tu kumbe uokoaji nao ni kazi yao, dereva akinasa miguu kwenye kabini ya lori wao ndo wana mashine za kukata bodi, nyie mkimvuta kwa nguvu mnaweza mkammalizia uti wa mgongo. Taja kama ni upande wa Uyole au Inyala, na kama ni tanka la mafuta sema mapema (na wenye madumu ya kuchota mafuta wakae mbali jamani, Morogoro 2019 tuliona tanka lilivyolipuka na kuua watu). Mjamzito akizidiwa hiyo ni 115, m-mama (usafiri wa dharura wa wajawazito), nayo bure.