Novemba Shuleni: Kwa Wewe Uliyeanza Kazi Shule ya Msingi Marekani

Kama ulianza kazi Agosti, iwe usaidizi wa mwalimu, bwaloni, usafi au kwenye basi la shule, sasa umeshazoea kengele, majina ya watoto yameshakukaa kichwani, na pengine unaona mwaka umetulia. Subiri Novemba. Sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving) huangukia Alhamisi ya nne ya mwezi huu, na wiki tatu za kabla yake shule ya msingi haikai kimya: wazazi wanaitwa, vyakula vya makopo vinakusanywa, wageni wanakuja kula na watoto, ratiba inapinduliwa. Wengi wetu tunayaona hayo kuwa mambo ya wenyeji. Tunamaliza zamu, tunavaa makoti, tunarudi nyumbani.

Mimi nafanya kazi katika shule ya msingi hapa Louisville, Kentucky, na nakuomba usifanye hivyo. Habari za shule ni sehemu ya kazi yako. Karibu nasi zipo familia zinazosema Kiswahili, za Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, na wazazi wengi hawawezi kusoma tangazo la Kiingereza. Tangazo ukilipita wewe, kuna mama ambaye hatalipata kabisa.

Anza na taarifa ya wafanyakazi ya kila wiki, ile anayotuma mwalimu mkuu kwa barua pepe. Huwa ndefu. Juu kuna pongezi na siku za kuzaliwa, na wengi huishia hapo. Isome hadi mwisho, kwa sababu mambo yanayokugusa mara nyingi yako chini: zamu ya foleni ya magari ya wazazi wanaochukua watoto imehamishwa kwa ajili ya wageni wa chakula cha mchana, maktaba imefungwa kwa maonyesho ya vitabu, kuna zoezi la moto, mwisho wa kuandikisha familia zinazohitaji kapu la chakula ni Ijumaa. Kama kazi yako haikukalishi mbele ya kompyuta, kama ilivyo kwa wapishi na wasafishaji, mwombe katibu akutolee nakala ya karatasi. Hawakatai. Usipoelewa sentensi, uliza siku hiyohiyo.

Humo utaiona pia Wiki ya Elimu ya Marekani, inayoadhimishwa tangu mwaka 1921, wiki moja kabla ya ile ya Sikukuu ya Shukrani. Jumatano yake ni ya wafanyakazi wasio walimu: wasaidizi, wapishi, madereva, makatibu, watu wa usafi. Siku hiyo ni yako. Wakiandaa chai na kadi kwenye chumba cha wafanyakazi, nenda ukae, usichungulie mlangoni na kupita. Wenzetu wengi wanaona aibu kula chakula ambacho hawakukichangia. Hapa kimeandaliwa kwa ajili yako, na ukikaa dakika kumi utawajua watu ambao kesho utahitaji msaada wao.

Kuhusu mshahara nitasema kifupi. Ikiwa unalipwa kwa saa, sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri kukulipa siku ya sikukuu ambayo hukufanya kazi. Inategemea mkataba wa wilaya ya shule yako. Muulize katibu sasa ni siku zipi zinalipwa, ili mwezi wa Desemba usikushtue. Na kama unataka kwenda kwa ndugu Iowa au Texas, omba ruhusa kwa maandishi mapema. Ziko wilaya ambazo ukikosa kazi siku moja kabla ya likizo au siku moja baada yake, unaulizwa cheti cha daktari au unakatwa malipo ya sikukuu.

Michango utaielewa haraka kuliko mtu yeyote. Shule nyingi zina kamati ndogo ya wafanyakazi inayokusanya fedha kidogo kwa ajili ya anayejifungua, anayeugua au aliyefiwa. Tofauti ni utaratibu. Kwetu ukisikia mwenzako kafiwa, unachukua chupa ya chai unakwenda. Hapa hutumwa orodha ya siku, kila mtu anaandika ni lini atapeleka chakula, na mara nyingi unakiacha mlangoni bila kuingia. Usidhani ni ubaridi. Aliyefiwa au mgonjwa anapata chakula cha moto wiki mbili mfululizo bila watu kujaa siku ya kwanza na kutoweka ya pili.

Sasa chakula cha pamoja cha wafanyakazi, ambacho kila mtu huja na chungu chake. Andika jina lako kwenye karatasi, na upike unachokijua. Hakuna anayekungoja wewe ulete pai ya maboga. Sambusa, chapati, pilau, maandazi, vyote vitaisha. Lakini weka kikaratasi mbele ya sahani chenye vilivyomo, hasa karanga, korosho, maziwa, mayai, ngano, samaki, ufuta, na aina ya nyama. Mzio si jambo la kubahatisha hapa. Kuna mtu ambaye mchuzi wa karanga unaweza kumfikisha hospitali kabla ya kengele ya mchana. Kwa darasa la watoto sheria ni kali zaidi: shule nyingi hukubali tu chakula cha dukani kilichofungwa, kwa hiyo muulize mwalimu kabla hujakaanga maandazi ya darasa zima.

Na wewe Mwislamu, au unayesimamia watoto wa Kiislamu mezani, fungua macho. Bata mzinga wa sikukuu asiyechinjwa kihalali si tatizo pekee. Maharagwe machanga ya kijani huku Kusini mara nyingi hupikwa na vipande vya nguruwe, na zile peremende nyeupe laini zinazoyeyushwa juu ya viazi vitamu kwa kawaida huwa na jelatini ya nguruwe. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kujua. Waulize wapishi asubuhi, wakati bado kuna nafasi ya kumwandalia sahani nyingine.

Kuna kazi moja ya nyumbani ambayo itakufikia kila mwaka kupitia kwa wazazi. Mtoto anapewa picha ya bata mzinga kwenye karatasi ngumu, na familia inaombwa imfiche ndege huyo: imvishe, impambe, imfanye aonekane kitu kingine ili asiliwe siku ya sikukuu. Baba mmoja, aliyekaa miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko Kigoma, Tanzania, alinijia na karatasi ile akiwa na wasiwasi kweli. Alidhani ni fomu. Alitaka kujua kama shule inawaomba walete ndege, na kama hawana, mtoto ataadhibiwa vipi. Nilimweleza ni mchezo wa kukaa pamoja na mtoto na mkasi. Jumatatu msichana wake alirudi na bata aliyevaa kitenge cha kweli, mabaki ya kitambaa cha mama yake, kilemba juu ya kichwa na kikapu kidogo kilichochorwa mgongoni. Mwalimu alimtundika bata huyo ukutani katikati ya bata wengine waliovishwa kama wazima moto na wanaanga, na yule mtoto, ambaye tangu Agosti alikuwa akijibu kwa kutikisa kichwa tu, alisimama akaeleza kwa Kiingereza kila kitu alichovaa bata wake. Maelezo yangu kwa baba yake hayakuzidi dakika mbili, pale kwenye foleni ya magari.

Utaombwa pia kuwasomea watoto habari za sikukuu yenyewe, kwa hiyo ijue vizuri. Mwaka 1620 Waingereza walifika Plymouth, katika jimbo la sasa la Massachusetts, kwa meli ya Mayflower, na karibu nusu yao wakafa kabla ya majira ya baridi kwisha. Walionusurika walijifunza kulima mahindi kwa msaada wa wenyeji. Walipovuna, mwaka 1621, Massasoit, kiongozi wa Wawampanoag, wenyeji wa asili wa eneo hilo, alifika na watu wapatao 90, wakaleta kulungu watano, wakala pamoja siku tatu. Sikukuu ya taifa ilikuja baadaye sana: Rais Lincoln aliitangaza mwaka 1863 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Alhamisi ya nne ikawekwa kisheria mwaka 1941. Watoto waliozaliwa kambini wanaielewa haraka sehemu ya watu waliofika bila kitu wakapokelewa. Usiishie hapo tu. Wawampanoag baadaye walipoteza ardhi yao na watu wao wengi, na tangu mwaka 1970 baadhi ya wenyeji wa asili hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza. Mtoto wa miaka saba anaweza kuambiwa hayo kwa maneno machache na ya kweli. Na ukikuta kazi ya mikono ya kuwavisha watoto manyoya ya karatasi kichwani, mwulize mwalimu kwa upole kama kuna nyingine. Hata sisi hatungependa kuona mavazi ya babu zetu yakigeuzwa vazi la kuchezea.

Mikutano ya wazazi na walimu huwa Oktoba au Novemba. Kwa mzazi wetu, kuitwa shule maana yake mtoto kafanya utundu, na nimeona akina mama wakiingia wamejiandaa kuomba msamaha. Waeleze mapema: kila mzazi anaitwa, mkutano ni wa dakika 15 au 20, na ni haki yake kuuliza mtoto anasoma kwa kiwango gani. Mwambie pia kwamba shule inapaswa kumtafutia mkalimani bila malipo, na kwamba mtoto asifanywe mkalimani wa mkutano wake mwenyewe.

Hapo wewe utaitwa. Utakuwa unafuta meza, mtu atakuja mbio: njoo utusaidie, kuna mama hatuelewani. Kwa salamu na maelezo madogo, saidia. Lakini kikao cha mpango wa mtoto mwenye ulemavu, au jambo la nidhamu linaloweza kumfukuzisha mtoto, lina mkalimani wake aliyefunzwa, na sheria inamtaka awepo. Sema tu: naomba mtafute mkalimani wa wilaya, mimi nitakaa na mama mpaka apatikane. Hutaonekana mkaidi. Unamlinda mama, unajilinda na wewe. Na uliyoyasikia humo usiyatoe nje, hata kwa binamu wa yule mama mnayesali naye kanisa moja. Jamii yetu hapa ni ndogo, na habari za mtoto zikianza kutembea, wazazi hawatakuamini tena, na watakuwa na haki.

Nimeacha jambo la njaa mwisho kwa sababu ndilo linalonikaa moyoni. Katika shule nyingi za hapa watoto wote hula bure kifungua kinywa na chakula cha mchana. Likizo ikianza Jumatano, siku tatu za shule zinapotea, yaani milo sita kwa kila mtoto. Nyumba yenye watoto watano inatafuta milo 30 ambayo wiki iliyopita ilitoka shuleni. Baba analipwa kwa saa kwenye ghala, na pengine ghala nalo limefungwa Alhamisi. Hapo makopo yanayokusanywa kwenye korido yanakuwa na maana.

Kentucky ina bahati ya kitu kimoja. Sheria ya mageuzi ya elimu ya mwaka 1990 ilianzisha vituo vya huduma za familia katika shule nyingi, kila kimoja na mratibu wake. Huyo ndiye mwenye makapu ya chakula, makoti, viatu, na mifuko ya chakula cha wikendi. Jifunze jina lake wiki ya kwanza. Kama uko jimbo jingine, mtu wa namna hiyo huwa mshauri wa wanafunzi au mfanyakazi wa ustawi wa jamii.

Familia zetu hazitajiandikisha zenyewe. Wengine wanadhani ni kwa raia tu. Wengine wanaogopa kwamba jina lao litapelekwa mahali. Wengi wanaona aibu, hasa wanaume. Usimwulize mzazi kama ana njaa, wala usimwulize mbele ya watu. Mimi husema hivi: shule inagawa chakula cha sikukuu kwa familia, niandike jina lenu? Wengi hukubali swali likija hivyo. Kisha mwambie mratibu kinacholiwa nyumbani. Kapu la kawaida lina unga wa mkate wa mahindi wenye sukari, mchanganyiko wa mkate wa kushindilia ndani ya bata, na sosi ya kranberi kwenye kopo, na nimeona makapu hayo yakikaa jikoni mpaka Machi bila kufunguliwa. Ukisema mchele, maharagwe makavu, mafuta ya kupikia, vitunguu, unga wa ngano na kuku mzima badala ya bata mzinga aliyegandishwa wa kilo saba, wakati hata oveni yao haifanyi kazi, mratibu atafurahi, kwa kuwa naye hataki chakula kipotee. Waratibu niliowahi kuwaambia hivyo walibadilisha orodha mwaka uliofuata.

Jumanne ya mwisho kabla ya likizo, angalia mifuko ya chakula inaingia kwenye begi la nani kabla basi halijaondoka, maana mtoto asiyekuja shule siku hiyo anakosa chakula chake. Mpigie mzazi aje achukue ofisini kabla haijafungwa. Angalia na makoti. Saa zimeshabadilishwa mwanzoni mwa mwezi na jioni giza linaingia mapema.

Mkirudi Jumatatu, waambie wa bwaloni wategemee foleni ndefu ya kifungua kinywa. Kama uko darasani, waache watoto wamalize kula hata kama kengele imelia. Walimu wengi watakubali ukiwaeleza sababu.