Mzee wa Reli Anajibu: Kwa nini reli ile inaishia kwenye kokoto?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nikisafiri kwa treni kutoka Moshi kwenda Korogwe, tulisimama stesheni moja. Njia ya pembeni, yanapolazwa mabehewa ya mizigo, ilikuwa na kipande cha reli kilichochepuka hatua chache kisha kikaishia kwenye kokoto. Abiria mwenzangu akasema kimeharibika, bora kiuzwe chuma chakavu. Ni kweli?
Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakijaharibika hata kidogo. Ni mtego, umewekwa makusudi kulitoa relini behewa linaloserereka lisifike reli kuu, na mimi niliyeshika nyenzo za pointi, yaani vyuma vya kuhamisha treni njia, miaka mingi naomba asiuguse mtu.

Ulipopita Kahe, reli ya kutoka Voi inapoungana na yetu ya Tanga, uliona njia mbili zinavyosogeleana taratibu? Kati ya chuma na chuma cha njia moja ni mita 1 tu, lakini behewa limetokeza pande zote. Kwa hiyo mabehewa hugongana kabla reli zenyewe hazijakutana. Mtego hukaa nyuma ya hapo. Behewa likiserereka, magurudumu hufuata kile kipande kifupi na kuzama kwenye kokoto, upande ulio mbali na reli kuu. Kwingine hulazwa chuma juu ya reli. Gurudumu hukipanda, likatupwa nje.

Wala haitegemewi kumbukumbu ya mtu. Nyenzo zimefungamanishwa: mtego usipokuwa wazi, yaani umeelekea kwenye kokoto, wenzo wa ishara ya reli kuu hauvutiki, hata uuning'inie. John Saxby wa Uingereza alipata hataza ya kuunganisha pointi na ishara mwaka 1856.

Usiku mmoja wa masika, behewa la mbolea liliachwa breki ya mkono haijakazwa sawasawa. Nilisikia chuma kinalia, kisha kishindo. Nilipofika na taa, lilikuwa limelalia ubavu kwenye kokoto, magunia yamepasuka. Muda si mrefu treni ya abiria ikapita kwenye reli kuu, na mtoto dirishani akanipungia mkono. Nilikaa juu ya mataruma, miguu haina nguvu. Asubuhi mkubwa wangu akalalamikia gharama ya kulinyanyua behewa. Mimi nilikuwa bado namwona yule mtoto.

Ukiona mawe yamekwama penye ulimi (chuma kinachosogea) wa pointi ile ya mtego, au mtu anafungua bolti zake, mwambie stesheni masta siku hiyohiyo.