Punda wa Dobi na Vitabu Visivyo na Jalada: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu vitabu walivyovipenda walipokuwa watoto. Barua zilizotufikia zinafanana kwa jambo moja: waandishi wake wanakumbuka kisa, wanakumbuka picha, wengine wanakumbuka hata doa la chai lililokuwa ukurasani, lakini jina la kitabu limewatoka. Jambo hilo halinishangazi. Vitabu vilivyotufikia katika mitaa ya Nairobi vilikuwa vimekwisha kupita mikono mingi, na kwa kawaida jalada ndilo lililotangulia kung'oka, likaondoka na jina la kitabu pamoja na la mwandishi. Nimechagua barua nne, na ya kwanza nitaikalia zaidi kwa sababu inanihusu hata mimi.

*Mhariri, pokea salamu zangu. Nilisoma shule ya msingi huku Eastlands katikati ya miaka ya 1980. Nakumbuka hadithi ya kima aliyefanya urafiki na mamba. Mamba alimbeba mgongoni, na walipofika katikati ya maji akamwambia kwamba mfalme wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kuwa moyo wake ameuacha mtini. Nimezunguka maduka ya vitabu mjini, nikawauliza pia wale wanaotandaza vitabu kando ya njia, na kila mmoja hunipa kitabu tofauti. Hicho nilichokisoma mimi kinaitwaje, na nani alikitunga? – Msomaji, Buruburu.*

Ndugu yangu wa Buruburu, wauzaji hao hawakukosea, wala wewe hukukosea. Hadithi hiyo haina mtunzi mmoja, na imeingizwa katika vitabu vingi vya kusomea, kila mchapishaji akiipa jina alilolipenda. Jina lake la zamani, ambalo naamini litakusaidia zaidi kuliko jina la mnyama yeyote wa majini, ni kisa cha punda wa dobi. Kilipigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1870 huko London, katika mkusanyiko wa Edward Steere, mmishonari wa Kianglikana ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, na ambaye aliziandika hadithi hizo kama alivyosimuliwa na wenyeji wa kisiwa hicho.

Huenda unajiuliza punda anaingiaje katika habari za kima. Katika masimulizi ya Unguja, rafiki wa kima ni papa, na maji yenyewe ni bahari. Palikuwa na mkuyu mkubwa ambao nusu ya matawi yake ilielekea nchi kavu na nusu ikaning'inia juu ya maji, na kima alikuwa akila kuyu huko juu huku akimrushia papa aliyengoja chini. Baada ya siku nyingi za kulishwa, papa alimwalika kima kwao, akampakia mgongoni, na walipofika mbali ndipo alipomfungulia habari ya sultani mgonjwa. Kima hakupiga kelele. Alisikitika tu kwamba hakuambiwa mapema, kwa sababu kima wakisafiri huiacha mioyo yao mtini, na kama angalijua angaliuchukua wake. Papa akageuza njia. Kima alipolishika tawi hakushuka tena, na papa alipomwita waende zao, alimjibu kwa swali: unanifanya mimi punda wa dobi?

Hapo hadithi ya pili inazaliwa ndani ya tumbo la ya kwanza, maana papa hamjui punda huyo na inabidi asimuliwe. Punda alimtoroka dobi, akaingia mwituni, akanenepa. Simba alikuwa mgonjwa, amekonda, na sungura akamwahidi nyama. Sungura akamwendea punda akiwa na posa, kwamba simba anataka kumwoa, na punda akakubali kwa furaha. Alipofika, simba alimrukia kwa nguvu kidogo za mgonjwa, akapigwa mateke, na punda akakimbia. Simba alipopata nafuu, sungura alirudi kwa punda akiwa na maneno matamu yaleyale, na punda akaenda mara ya pili, asitoke tena. Simba alitaka awekewe moyo na masikio. Sungura alivila kwa siri, na alipoulizwa viko wapi, alisema kwamba mnyama yule hakuwa na moyo wala masikio, kwa kuwa angekuwa navyo asingalirudi.

Sasa nieleze jinsi inavyonihusu. Darasani kwetu kulikuwa na sanduku la bati la vitabu vya hadithi, lililofunguliwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na nakala ya hadithi hii iliyokuwamo ilikatika palepale kima anapouliza swali lake. Kurasa zilizofuata zilikuwa zimechanwa. Tuliamini, basi, kwamba "punda wa dobi" ni tusi la wazee, na kwa muhula mzima tulimwita hivyo kila aliyekosa penalti uwanjani. Nilikuwa nimekwisha kuajiriwa nilipouona ukurasa uliokosekana, nikagundua kwamba tulikuwa tumelitumia neno hilo vibaya. Aliyekosa penalti ana bahati mbaya tu. Punda wa dobi ni yule aliyeuponyoka mtego, akapona, kisha akaurudia kwa miguu yake mwenyewe kwa sababu aliyemwita alijua kuzungumza.

Kuhusu mamba wako, usimfute. Kisa hiki kimo katika Panchatantra, mkusanyiko wa kale wa hadithi za India, na huko rafiki wa majini ni mamba. Hata punda asiye na moyo na masikio yumo. Kilipopita kwa Waajemi na kuingia katika Kiarabu, katika kitabu cha Kalila na Dimna alichokitafsiri Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, rafiki huyo akawa kasa. Wasimulizi wa Unguja, ambao walimjua papa kwa kumwona akipakuliwa ufukoni, wakamfanya papa. Aliyekiandika kwa ajili ya watoto wa bara naye hakuwa na sababu ya kumkatalia mamba arudi mahali pake. Yawezekana pia kwamba alimhurumia mtoto wa Kikatoliki wa miaka ile: Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Nairobi kwa Kongamano la Ekaristi, mtoto aliyesoma wiki hiyo kwamba Papa alitaka kumla rafiki yake moyo angehitaji maelezo marefu.

Kwa hiyo, ukirudi kwa wale wanaotandaza vitabu, acha kutaja kima na mamba, kwa maana vitabu vyenye wanyama hao ni vingi mno. Uliza kama kuna kitabu ambacho ndani yake punda wa dobi amelala ndani ya hadithi ya kima. Muuzaji anayevisoma vitabu vyake atakuelewa, na asiyevisoma atakupa kitabu cha hesabu.

*Mhariri, mwanangu wa darasa la nne ameniuliza kama Abunuwasi alikuwa mtu wa kweli. Mimi nilipomsoma nilidhani aliishi Mombasa, nyuma ya msikiti fulani. Nimjibu nini? – Baba wa Watatu, Kawangware.*

Mwambie ndiyo, kisha umwambie siyo. Abu Nuwas alikuwa mshairi mkubwa wa Kiarabu, aliyezaliwa katika karne ya 8 na kufariki Baghdad mwanzoni mwa karne ya 9, na Harun al-Rashid anayetajwa katika hekaya zake alikuwa khalifa wa kweli. Mshairi huyo alisifika hasa kwa mashairi ya kuusifu mvinyo, jambo ambalo unaweza kulihifadhi mpaka mwanao afike kidato cha nne. Visa vyenyewe, hata hivyo, vingi si vyake. Vilevile husimuliwa kuhusu Juha katika nchi za Kiarabu na kuhusu Nasreddin katika nchi ya Waturuki, na Waswahili wakavipokea na kumvika Abunuwasi kanzu yao, hata wewe ukaona anafaa kuwa jirani wa Mombasa.

Mimi hukipenda kile cha maskini aliyeshtakiwa na tajiri kwa kunenepa kwa harufu ya nyama ya tajiri huyo. Abunuwasi alitoa fedha, akazigonganisha mbele ya baraza zikalia, akamwambia tajiri kwamba harufu imelipwa kwa sauti. Kila nikipita Soko la Burma mchana, moshi wa nyama choma ukiwa umeshuka mpaka barabarani, huwa natia mkono mfukoni nikazitikisa sarafu nilizo nazo.

Kama mwanao anachoka na maandishi mengi, mtafutie Abunuwasi wa picha aliyechorwa na Gado, mchoraji wa katuni tunayemfahamu kutoka magazetini, na kutolewa na wachapishaji Sasa Sema hapa Nairobi mwaka 1996. Nakala zake hupatikana kwa kubahatisha.

*Mhariri, sisi tuliolelewa miaka ya 1970 tulimpenda Moses, yule mtukutu wa shule ya bweni ya Mukibi. Rafiki yangu anasema mwandishi wake alikuwa mwanamume wa Uganda. Mimi nasema ni mwanamke. Tumewekeana dau la chakula. – Mstaafu, Ngara.*

Mzee wetu, umeshinda, ingawa rafiki yako naye hakuwa mbali sana na ukweli. Barbara Kimenye alikuwa mwanamke, alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akahamia Uganda, akafanya kazi katika serikali ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na katika magazeti, na baadaye akaishi Nairobi kwa miaka kadhaa. Alifariki mwaka 2012. Vitabu vyake vilikuwa vya Kiingereza, na ndiyo maana sitavizungumzia kwa kirefu katika ukurasa huu, lakini nakiri kwamba wengi wetu tulivisimulia vituko vya Moses kwa Kiswahili bwenini baada ya taa kuzimwa, na katika masimulizi hayo Moses alizungumza Kiswahili cha Nairobi bila shida yoyote.

*Mhariri, nina binti wa miaka tisa. Anasoma Kiingereza kwa hamu, lakini nikimletea kitabu cha Kiswahili husema kwamba hicho ni cha mtihani, akakirudisha mezani. Nifanye nini ili apende hadithi nilizozipenda mimi? Tena vitabu ni ghali. – Mama, Donholm.*

Dada yangu, binti yako amesema kweli, na sioni faida ya kumkaripia. Kwa watoto wengi wa mji huu, kitabu cha Kiswahili hufika kikiwa kimeandamana na maswali kumi ya ufahamu na insha ya kurasa mbili, na mtoto hujifunza mapema kwamba kila punda atakayekutana naye atatakiwa kumtungia sentensi. Jambo la kwanza, basi, ni kuondoa maswali. Msomee bila kumuuliza maana ya neno hata moja. Akitaka kujua dobi ni nani atakuuliza mwenyewe, na umjibu kwa ufupi kwamba ni mfua nguo, kisha uendelee.

Gharama isikutie hofu. Maktaba ya McMillan katika Mtaa wa Banda, karibu na Msikiti wa Jamia, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Leo mtoto wako anaweza kupita katikati ya wale simba wawili wa mawe walio mlangoni bila kumwomba mtu ruhusa. Ila kwako wewe uliye Donholm, matawi yake mawili ya Makadara na Kaloleni yako karibu zaidi. Yote mawili yalifanyiwa ukarabati si miaka mingi iliyopita, kwa juhudi za shirika la Book Bunk, na watoto wana nafasi yao humo. Mpeleke Jumamosi, umwache aokote mwenyewe rafuni, hata akiokota kitabu ambacho kwa maoni yako ni cha watoto wadogo. Wewe kaa pembeni na kitabu chako, usimchungulie.

Nyumbani, anza na hiyohiyo ya kima na papa, kwa kuwa ni fupi na humalizika kabla usingizi haujamshika. Usiisome yote usiku mmoja. Usiku wa kwanza ishia pale moyo unapoachwa mtini, ufunge kitabu, uende ukaoshe vyombo. Usiku wa pili, ukifika pale sungura anaporudi na posa yake mara ya pili na punda anasimama akifikiri, nyamaza kidogo, umuulize binti yako kama yeye angekwenda.